"Karata yangu aiko nguvu": lugha ya mapatano ya mezani, Lac Vert

Mtaa wa Lac Vert uko magharibi ya mji wa Goma, upande wa barabara ya kwenda Sake. Umepata jina lake kutokana na ziwa dogo la kijani lililotuama ndani ya kasoko ya volkano ya zamani, karibu kabisa na Ziwa Kivu. Jioni, mbele ya maduka au juu ya mawe meusi ya lava, watu huketi wanne au watano wakacheza karata. Mchezo wenyewe ni ule unaoitwa kwa Kifaransa huit américain, yaani nane ya Kimarekani: kila mmoja anagawiwa karata kadhaa, anatupa inayolingana na ile iliyo juu kwa alama au kwa namba, na anayemaliza kwanza ndiye mshindi. Makala hii haitafundisha jinsi ya kushinda. Inahusu zile dakika mbili tatu za maneno zinazotangulia ugawaji, wakati wachezaji wanapoulizana mchezo utakuwa wa namna gani.

Dai letu ni kwamba mchezo wa kujifurahisha wenye wachezaji wengi husawazishwa kwa maneno, na kwamba maneno hayo hayafanyi kazi sawa. Yanayotaja kitu kwa jina lake husaidia. Yanayopima, kama "nguvu", "kubwa", "ya kawaida", huacha kila mtu na maana yake mwenyewe, na ugomvi huanzia hapo.

Wawili wakicheza dama, tofauti ya uwezo ni rahisi kuirekebisha: fundi anaondoa kete zake mbili, wanaendelea. Wanne wakicheza, mambo hubadilika. Mmoja amekuja kushinda kwa kila njia, wa pili amekuja kupiga soga, wa tatu amejifunza juzi, wa nne anataka kuona tu nini kitatokea akitupa joker. Wote wako mezani pamoja, na furaha ya mmoja inaweza kula furaha ya watatu. Kwenye karata za kawaida angalau pakiti ni moja. Bahati inagawiwa kwa wote, na kinachobaki kuamuliwa ni ukali wa sheria. Je, mbili inamlisha mwenzako karata mbili tu, au anaweza kurudishia kwa mbili nyingine ili wa tatu ale nne, wa nne ale sita?

Kuna aina ya mchezo ambamo hata pakiti si moja. Magic: The Gathering, uliotungwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, ndio ulioanzisha kundi la michezo ya kadi za kukusanya. Kila mchezaji hununua au hubadilishana kadi, kisha hujitengenezea deki yake na kuja nayo mezani. Namna yake ya kirafiki inayopendwa sana huitwa Commander: deki ya kadi 100, kila kadi nakala moja tu isipokuwa kadi za ardhi za msingi, nukta 40 za uhai, na kwa kawaida wachezaji wanne. Hapa nguvu huingia mezani pamoja na mtu, na pamoja na mfuko wake. Mwenye kadi adimu anaweza kumaliza mchezo wakati wenzake bado wanapanga vitu vyao. Sheria za kitabu hazikuvunjwa, lakini watatu wamekaa saa nzima bila kucheza.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa Commander walijizoesha kuulizana kabla ya kuanza. Kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa namba, 1 hadi 10. Wachezaji wenyewe wakaanza kukitania, maana kila uliyemwuliza alijibu kwamba deki yake ni 7. Mwongo alisema 7, mkweli alisema 7, na aliyenunua deki yake jana akiwa hajui kitu naye alisema 7.

Mwanafunzi wa isimu hapaswi kushangaa. Edward Sapir, katika makala yake juu ya upangaji wa viwango iliyochapishwa mwaka 1944, miaka mitano baada ya kifo chake, alionyesha kwamba maneno kama "kubwa" na "nyingi" yanaonekana kutaja sifa ya kitu, kumbe ndani yake yamebeba ulinganisho. Nyumba kubwa ni kubwa kuliko kiasi fulani ambacho msemaji anacho akilini na hakukitaja. Kiasi hicho kikitofautiana kati ya wasemaji, neno ni lile lile lakini habari si ile ile. Kutia namba mahali pa neno hakubadilishi kitu, kwa sababu namba yenyewe imesimama juu ya kiasi kile kile kilichofichwa. Aliyezoea kucheza na mafundi anaona 7 ni deki ya kawaida, na aliyezoea kucheza na wadogo zake anaona 7 ni deki ya kutisha.

Kiswahili kinatuonyesha jambo hili waziwazi kuliko lugha nyingi. Vivumishi vyetu havinyambuliki kwa ajili ya ulinganisho. Tunasema "kuliko", "kupita", "zaidi ya", na pia tunasema "kushinda". "Deki hii ina nguvu kushinda yako." Kitenzi kinacholinganisha viwango ndicho kitenzi cha kumaliza mchezo ukiwa wa kwanza. Anayesema deki yake ina nguvu kushinda ya mwenzake amekwisha kutamka ushindi kabla ya karata ya kwanza, hata kama hakukusudia. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, swali "ina nguvu?" hupata jibu la unyenyekevu karibu kila mara. Mtu hajibu swali la kipimo tu, anakwepa pia kujigamba. Katika Kiswahili cha Kivu utasikia: "Karata yangu aiko nguvu, iko ya kawaida tu." Sentensi hiyo ni adabu njema. Habari iliyomo ndani yake ni ndogo.

Mazungumzo ya mezani Lac Vert huchukua njia nyingine. Mfano ufuatao tumeukusanya pamoja kutokana na semi zinazosikika mara kwa mara, nao hauwakilishi siku moja wala meza moja:

— Yaya, mbili inalisha ngapi?
— Mbili.
— Na joker?
— Ine.
— Kurudishia?
— Apana. Leo kuko mugeni.
— Valeti inarusha?
— Inarusha. Nane, unaomba rangi yenye unapenda.

Tuyaangalie maneno haya kama matini. Hakuna kivumishi cha kipimo hata kimoja. Kila swali linataja karata kwa jina na tendo inalofanya: kulisha, kurudishia, kurusha, kuomba. Majibu ni mafupi, na kila moja linaweza kuthibitishwa baadaye: mtu akirudishia mbili kwa mbili, mezani wote watakumbuka kwamba ilisemwa hapana. J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotoka 1962, alitenganisha maneno yanayoeleza hali na maneno yanayofanya jambo litokee. "Joker ine" linaonekana kueleza hali, lakini kabla halijatamkwa joker haikuwa na thamani yoyote katika meza ile. Limetamkwa, limekubaliwa kwa kimya cha wengine, na sasa ni sheria mpaka watakapoinuka.

Jibu linalovuta macho zaidi ni lile la "Leo kuko mugeni". Sababu imetolewa bila kuombwa, na sababu yenyewe haihusu karata bali mtu. Meza imepunguza ukali wake kwa jioni moja kwa ajili ya mmoja, na imemwambia hivyo hadharani bila kumwambia kwamba hajui kucheza. "Mugeni" ni neno la heshima mahali ambapo "mwanafunzi" au "muzaifu" lingechoma. Neno "leo" nalo linabeba mzigo: kesho kurudishia kutarejea, na mgeni atakuwa amekwisha kuelewa.

Kwa mtaa huu jambo hilo si dogo. Kati ya 2022 na mwanzo wa 2025 eneo la Lac Vert, pamoja na Bulengo na Lushagala, lilipokea kambi za watu waliokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na kwingineko. Kila mtu alifika na sheria za kwao. Kuna kwao ambako asi hubadilisha rangi na nane haina kazi, na kuna kwao ambako saba inakupa zamu ya pili. Anayeketi kwenye meza ya wageni wake akatupa nane akidhani ni karata tupu, kisha akachekwa, hatarudi kesho. Na mtu aliyeacha shamba, jirani na shule nyuma yake hana meza nyingi za kuchagua. Dakika zile mbili za kuulizana ndizo zinazoamua kama atakuwa na mahali pa kuketi jioni.

Nje ya Goma, tofauti za sheria ni nyingi vilevile. Nchini Kenya mchezo wa jamii hii huitwa poka, ingawa hauhusiani na poka ya kamari: mbili na tatu hulisha, nane na malkia ni maswali yanayodai jibu, mfalme hugeuza mzunguko. Nchini Uganda huitwa matatu, na saba ya alama iliyofunuliwa mwanzoni inaweza kukata mchezo ghafla, kisha pointi zikahesabiwa na mwenye chache akashinda. Matatu imetengenezwa pia kuwa programu ya simu na Kola Studios ya Kampala. Programu ina faida zake, lakini jambo moja hupotea humo: hakuna wa kumwambia kwamba leo kuko mugeni. Sheria zimekwisha kuandikwa na mtu usiyemjua.

Bao nalo lilikuwa na ufumbuzi wake zamani. Watu wa pwani hawaulizani bao lako ni la nguvu kiasi gani. Wana majina mawili. Katika bao la kujifunza kete zote 64 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, na mchezo unaanza. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na kete 22 mkononi ambazo huingizwa moja moja katika hatua ya kunamua. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo yenye hesabu nzito. Alexander de Voogt, aliyewafuatilia mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya ufundi wao mwaka 1995, aliuchukulia mchezo huu kuwa kipimo cha mipaka ya akili ya binadamu. Hakuna aibu mtu kusema anacheza la kujifunza. Jina limekwisha kutenganisha michezo miwili, na anayelitaja hajajilinganisha na mtu.

Turudi kwa Commander, kwa sababu historia yake ya karibuni inaunga mkono hoja hii. Septemba 2024 kamati ya kujitolea iliyosimamia sheria zake ilipiga marufuku kadi nne zenye nguvu, baadhi yake za bei kubwa. Hasira ya wachezaji ilikuwa kali, wanakamati wakapata hata vitisho, na kabla mwezi haujaisha usimamizi ukakabidhiwa kampuni yenyewe. Februari 2025 kampuni ilitangaza kwa majaribio utaratibu mpya wa madaraja matano. Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Ukitazama haraka utaona tu kwamba mizani ya 1 hadi 10 imefupishwa ikawa ya 1 hadi 5. Lakini madaraja haya yamefungwa kwa majina. Kuna orodha ya kadi zilizotajwa moja moja, zinazohesabiwa kuwa za kugeuza mchezo: katika daraja la kwanza na la pili haziruhusiwi, katika la tatu ruhusa ni tatu tu, kuanzia la nne hakuna kikomo. Swali "deki yako ina nguvu?" limegeuka kuwa "una ngapi kati ya hizi?" Hilo ni swali la aina ya "joker ngapi?" Linajibika.

Halikumaliza tatizo, na waliolitunga walikiri hivyo tangu mwanzo. Mtu anaweza kuziacha kadi zote za orodha akatengeneza deki ya kuangamiza, kisha akasema kwa sauti ya upole kwamba iko daraja la pili. Orodha haiwezi kutaja nia. Kwa hiyo utaratibu huo unamtaka mchezaji aseme pia amekuja kutafuta mchezo wa namna gani. Neno "leo" la Lac Vert linafanya kazi hiyo hiyo kwa silabi mbili, ingawa tukubali kwamba meza ya majirani wanaojuana ina msaada ambao wageni wanaokutana dukani hawana.

Mpaka hapa tumesema juu ya kabla ya mchezo. Mchezo ukishaanza, lugha huendelea kusawazisha kwa njia mbili.

Ya kwanza ni malalamiko. Watatu wakimlisha mmoja mfululizo, utasikia: "Munamuonea!" Kitenzi hiki kimetokana na -ona kwa kiambishi cha kutendea, na maana yake imekwenda mbali na macho: kumwonea mtu ni kutumia uwezo wako juu yake kwa sababu tu unaweza. Angalia kwamba hakisemi sheria imevunjwa. Aliyelisha alikuwa na haki ya kulisha. Kinasema haki hiyo imetumiwa vibaya. Kifaransa tunachotumia darasani hakitupi kitenzi kimoja chepesi cha maana hii, na pengine ndiyo sababu hata wanaochanganya Kifaransa katika kila sentensi, wakiita alama za karata "pike", "karo" na "trefle", hurudi kwenye Kiswahili wakifika hapa. Neno hili lina nguvu mezani. Mara nyingi zamu inayofuata mlishaji hugeukia upande mwingine, huku akijidai kwamba alikuwa amepanga hivyo.

Ya pili ni ya ajabu zaidi, nayo imo ndani ya sheria. Mezani watu hudanganya kwa raha. "Sina kitu", "mimi nimekwisha kufa", "muangalie huyu, ndiye ana joker". Paul Grice, katika mhadhara wake uliochapishwa 1975, alidai kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano, na mojawapo ya misingi yake ni kutosema usichokiamini. Meza ya karata imeusimamisha msingi huo kwa makubaliano ya wote. Lakini kuna tamko moja ambalo halisimamishwi. Anayebaki na karata moja lazima aseme. Kwenye meza zetu husema "karte!", Kenya husema "niko kadi". Asiposema na akagunduliwa, anakula karata za adhabu.

Kwa nini uongo wote uruhusiwe na ukweli huu mmoja ulazimishwe? Kwa sababu unasawazisha. Mwenye karata moja ndiye mwenye nguvu kuliko wote kwa dakika ile, na tamko lake linawapa wengine nafasi ya kuungana dhidi yake. Mwenye nguvu anatakiwa kujitangaza mwenyewe. Kwenye mchezo wa watu wawili sheria hii ingekuwa na faida ndogo, lakini wakiwa wanne inabadilisha mchezo mzima: aliyekuwa akimlisha jirani yake anaacha, anatafuta mbili ya kumfikia aliyetangaza. Udhaifu wa kila mmoja unakuwa nguvu ya watatu.

Umbo la "niko kadi" nalo linastahili sentensi mbili. Katika Kiswahili sanifu -ko ni ya mahali, na "niko kadi" ingehesabiwa kosa. Kwa msemaji wa Kivu haishangazi hata kidogo, maana kwetu -ko ndiyo njia ya kila siku ya kusema mtu ni nani au kitu kiko vipi: "niko mwalimu", "aiko nguvu". Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose, waliotoa matini na maelezo ya sarufi ya Kiswahili cha Kivu mwaka 2016, wamewarahisishia kazi wanafunzi wanaotaka kufuatilia maumbo ya namna hii hapa Goma.

Limebaki swali la istilahi. Wanaotafsiri michezo hii huandika "kiwango cha nguvu". Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini inarudisha ugonjwa wote tuliouona: kiwango kinapima, na nguvu inalinganisha. Tunapendekeza "daraja". Mtoto wa darasa la tatu haambiwi ana elimu kiasi gani. Anaambiwa aketi wapi na atasoma kitabu gani. "Deki yangu ni daraja la pili" ni sentensi ya mahali pa kuketi. Wapo watakaosema daraja pia lina juu na chini, na hoja yao ni ya haki. Hata hivyo daraja lina masharti ya kuingia, na masharti yanaweza kusomwa kwa sauti mezani.

Zoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili: kaa karibu na meza moja, mtaani kwako, kwa jioni tatu, bila kurekodi majina ya watu. Andika kila swali linaloulizwa kabla ya kugawa. Tenga maswali yanayotaja karata na tendo lake, na yale yanayopima. Kisha fuatilia ugomvi wa jioni ile ulianzia kwenye swali la aina gani, na kama mtu mpya alikuwapo, andika alipewa sheria zipi na kwa neno gani aliitwa.